Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: tupeni maneno ya kazi yetu

Kwa wakuu wa elimu, wakuza mitaala, wakufunzi wa vyuo vya ualimu na wakaguzi wa shule,

Salamu kwenu nyote, na poleni na majukumu.

Fomu mnayotutaka tuijaze kila mwisho wa muhula ina safu mbili za kusoma: anajua, hajui. Muhula uliopita niliweka alama ya vema kwenye "hajui" kwa watoto watatu wa darasa la kwanza. Fomu ikafungwa, ikaenda zake. Aliyeipokea huko juu ameona tatizo moja lililowapata watoto watatu. Mimi niliyeketi nao najua kwamba ni matatizo matatu yasiyofanana hata kidogo, kila moja na dawa yake, na dawa ya huyu ukimpa yule umempotezea mwaka.

Wa kwanza huketi mstari wa mbele. Herufi zote anazijua kwa majina. Mwandikie "baba", atakwambia bila kusita: be, a, be, a. Mwulize basi hilo ni neno gani, atarudia be, a, be, a kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hukumsikia. Wa pili huketi dirishani. Kitabu cha darasa anakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Siku moja nilifunika ukurasa kwa kiganja, naye akaendelea kusoma. Nikachukua maneno yaleyale ya kitabu nikayapanga upya ubaoni, akanyamaza kimya. Wa tatu huketi nyuma. Huyu anasoma kweli, neno baada ya neno, bila kosa, ila sentensi moja humchukua muda ambao wenzake wanamaliza aya nzima. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshamtoka.

Na yupo wa nne. Huyo nilimwekea vema kwenye "anajua", na ndiye anayeninyima usingizi. Mpe maandishi yoyote, atayateremka kama maji. Funga kitabu umwulize kilichosemwa, hana la kukujibu.

Siwaandikii kulalamikia fomu. Fomu ni tawi tu. Mzizi wake ni kwamba kazi ya kufundisha kusoma haijapewa maneno yake sawasawa kwa Kiswahili, na maneno machache yaliyopo tunayatumia ovyo, neno moja likibebeshwa mizigo mitatu. Daktari akiandika "mgonjwa" kwenye cheti na kuishia hapo, hakuna mfamasia atakayejua atoe dawa gani. Sisi ndivyo tunavyoandika kila muhula.

Tuanze na neno "kusoma" lenyewe. Mtoto anasoma anapotamka herufi ubaoni. Anasoma anapoelewa habari gazetini. Anasoma pia kwa sababu tu yuko darasa la pili, na kaka yake anasoma sheria chuo kikuu. Ni neno pana na zuri, na sina nia ya kulipunguza. Lakini mzazi akiniuliza "mwanangu anasoma?" nami nikajibu "ndiyo", tunaweza kuwa tumezungumza mambo mawili tofauti na kuagana kwa amani bila kugundua. Mwaka 1958 UNESCO ilipoeleza nani aitwe mjuzi wa kusoma na kuandika, ilisema ni yule awezaye kusoma na kuandika, kwa kuelewa, maelezo mafupi na mepesi kuhusu maisha yake ya kila siku. Uzito wote uko kwenye hayo maneno mawili, "kwa kuelewa", na fomu zetu hadi leo hazina pa kuyaweka.

Sasa nije kwenye sauti na herufi, maana hapo ndipo alipokwama mtoto wa mstari wa mbele, na ndipo nilipokwama mimi kwa miaka mingi. Chuoni nilikosomea ualimu nilifundishwa kuimbisha a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Hakuna aliyenieleza kwamba herufi ni kitu kimoja, jina la herufi ni kingine, na sauti yake ni kingine tena. Herufi ni alama, ya kuonwa kwa macho. Sauti ni ya masikio, na ile sauti ndogo kabisa inayoweza kubadili maana ya neno, kama inayotenganisha "pata" na "bata", wanaisimu huiita fonimu. Jina la herufi ni lakabu tu tuliyoipa alama ili tuweze kuitaja. "Be" ni jina, tena lenyewe lina sauti mbili ndani yake. Mtoto akiyaunganisha majina anapata "beabea", na hakuna neno la namna hiyo. Yule mtoto hakuwa mzito wa kuelewa. Alikuwa akifanya hasa nilichomfundisha.

Mwongozo wa mwalimu ninaoutumia unasema "mwanafunzi atamke herufi". Nimehesabu: agizo hilo limo mara tatu katika ukurasa mmoja. Atamke jina au atamke sauti? Aliyeandika alijua anachomaanisha. Mwalimu mpya aliyeko peke yake na watoto themanini hajui, naye atachagua jina, kwa sababu ndilo alilofundishwa yeye mwenyewe utotoni.

Msidhani kwamba kuzisikia sauti mojamoja ndani ya neno ni jambo jepesi ambalo mtoto atalipata mwenyewe akikua. Mwaka 1979 José Morais na wenzake walichapisha uchunguzi waliowafanyia watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kujifunza kusoma. Waliwaomba waondoe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze sauti mwanzoni. Wengi walishindwa. Wenzao wa mazingira yaleyale, waliojifunza kusoma wakiwa wameshakuwa watu wazima, waliweza. Wale walioshindwa walikuwa wasemaji kamili wa lugha yao, watu wenye kazi na familia, wasiopungukiwa akili. Walichokosa ni mtu wa kuwaonyesha kwamba neno linaweza kupasuliwa vipande vidogo kiasi hicho. Kwa hiyo utambuzi wa sauti hufundishwa, na hufundishwa vizuri zaidi ukienda sambamba na herufi. Ratiba inayotenga wiki kadhaa za sauti bila kuonyesha herufi hata moja, kisha wiki za herufi bila kurudi kwenye sauti, inatenganisha mapacha.

Njia ipo, na haina gharama. Daniil Elkonin, mwanasaikolojia wa Kisovieti, aliwachorea watoto visanduku, kimoja kwa kila sauti ya neno. Mtoto hulitamka neno polepole huku akisukuma kidude kimoja ndani ya kila kisanduku. Baadaye vidude huondolewa na herufi huchukua nafasi zao. Nilimchorea mtoto wa mbele visanduku vinne kwenye karatasi nikampa vifuniko vya chupa. Siku za kwanza alisukuma viwili tu, kimoja kwa kila silabi: ba, ba. Nilifurahi kuliona hilo, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilijua alipo. Alisikia silabi, hajasikia sauti. Wiki ya tatu alisoma "bata", neno ambalo sikuwahi kumfundisha.

Hapo mnaona kwa nini ninang'ang'ania maneno. Bila kuwa na neno "silabi" na neno "sauti" kama vitu viwili, nisingeona chochote katika vile vifuniko viwili. Ningeona mtoto aliyekosea.

Silabi yenyewe inastahili heshima yake. Wimbo wa ba, be, bi, bo, bu siudharau, wala sitaki uondolewe. Kiswahili kina irabu tano ambazo hazibadiliki popote zinapokaa, na karibu kila herufi hutamkwa kama ilivyoandikwa. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza na wale wa lugha nyingine kumi na mbili za Ulaya. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule, watoto wa lugha zenye maandishi yanayofuata sauti kwa uaminifu, kama Kifini na Kigiriki, walisoma kwa usahihi zaidi ya maneno 9 kati ya 10. Wa Kiingereza walisoma karibu theluthi moja tu. Kiswahili kiko upande wa Kifini. Ni bahati kubwa tuliyopewa na lugha yetu, na inaniuma kuona tunaagiza mbinu zilizobuniwa kwa ajili ya matatizo ya tahajia ya Kiingereza, za kukariri maneno mazimamazima kwa sura, na kuwabebesha watoto ambao hawana tatizo hilo.

Lakini hata silabi tunaieleza nusu. Tunawaambia walimu kwamba silabi ni konsonanti na irabu, basi. Mtoto anafika kwenye "mtu" na konsonanti mbili zimekaa pamoja, hana pa kushika. Hajaambiwa kwamba m inaweza kusimama peke yake ikawa silabi kamili: m-tu, m-ti. Wala hajaambiwa kwamba mb ya "mbuzi" hutamkwa kwa pigo moja, mbu-zi, ilhali mb ya "mbunge" hukatwa, m-bu-nge. Liko hata neno moja linaloweza kufanya yote mawili. Mbuni akiwa ni ndege, ni mbu-ni. Mbuni akiwa ni mtu anayebuni, ni m-bu-ni. Herufi hazikusaidii hapo, ni maana ya sentensi ndiyo itakayoamua. Nimelitumia neno hilo mbele ya walimu wenzangu nikaona nyuso zikibadilika. Tumelisema maisha yetu yote bila kujua tunafanya nini, na hakuna kozi iliyowahi kutusimamisha hapo.

Nije kwa mtoto wa dirishani. Tendo la kuzigeuza herufi kuwa sauti, na sauti kuwa neno, linahitaji jina lake lenyewe, lisilochanganywa na "kusoma". Mimi hulitumia neno "kusimbua". Kila aliyewahi kuona kisimbuzi cha televisheni anaelewa mara moja: ishara zinaingia zikiwa fumbo, zinatoka zikiwa picha. Kama mna neno bora zaidi, leteni, sitabishana. Ninachoomba ni neno moja linalokubalika, liandikwe katika kila mwongozo, kwa sababu yule mtoto alisifiwa muhula mzima kwa kusoma huku hajasimbua hata neno moja. Alikuwa na kumbukumbu nzuri na kitabu chenye picha.

Tulimsaidia kupotea. Tuliambiwa tuwahimize watoto wakikwama watazame picha, wakisie neno linaloweza kufaa. Wazo hilo lina historia. Mwaka 1967 Kenneth Goodman wa Marekani aliandika kwamba kusoma ni mchezo wa kukisia unaoongozwa na lugha na fikra, na fundisho hilo likasambaa sana. Utafiti uliofuata haukulithibitisha. Msomaji hodari hakisii. Macho yake yanapitia herufi za neno, upesi mno kiasi cha yeye mwenyewe kutohisi. Anayekisia ni msomaji dhaifu, kwa sababu hana njia nyingine. Linnea Ehri, mtafiti wa kusoma, ametumia miaka mingi kueleza jinsi neno linavyofika mahali pa kutambulika papo hapo: mtoto hulisimbua mara chache, herufi zake zikafungamana na sauti zake na maana yake, kisha likakaa akilini moja kwa moja. Kutambua neno kwa kulitupia jicho ni matunda ya kusimbua. Sisi tulitaka matunda tukaruka kupanda.

Dawa ya mtoto wa dirishani ilikuwa vitabu vidogo vilivyoandikwa kwa herufi alizokwisha kufundishwa tu, visivyo na picha ya kumnong'oneza jibu. Sikuvipata popote, nikaviandika kwa mkono. Hilo nalo ni ombi: kitabu cha kwanza cha mtoto kifuate mpangilio wa herufi zinazofundishwa. Kumpa mtoto aliyefundishwa herufi saba ukurasa wenye herufi zote, na ch, ny, sh na ng' juu yake, ni kumlazimisha akariri au akisie.

Kuhusu mtoto wa nyuma, neno lake ni "ufasaha", nalo limetuponza. Nje ya darasa, mtu fasaha ni msemaji mzuri, mwenye lugha safi. Darasani tumelifanya liwe na maana ya haraka. Ufasaha wa kusoma una mambo matatu: usahihi, kasi, na kiimbo, yaani namna sauti inavyopanda, kushuka na kukazwa, kinachoonyesha kwamba msomaji anafuata maana. Kiimbo mara nyingi tunakisahau, na kwa Kiswahili si pambo. Soma "barabara" kwa kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ni njia ya magari. Kaza silabi ya pili kutoka mwanzo, ni "sawasawa kabisa". Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo mtoto anayeipata sawa katika sentensi amekwambia kwamba anaelewa.

Kasi mnaipima kwa maneno kwa dakika. Kipimo hicho kilienea na upimaji wa kusoma wa madarasa ya awali, EGRA, ulioanza kutengenezwa mwaka 2006 na kutumika katika nchi nyingi. Si kipimo kibaya, na kimewafungua macho watu wengi kuhusu hali halisi ya madarasa. Ila tafadhali msichukue kiwango cha lugha moja mkakipeleka kwenye nyingine. "Sitakuambia" kwetu ni neno moja. Kiingereza hulisema kwa maneno matano. "Hawakutuambia" ni neno moja lenye vipande sita: ha, wa, ku, tu, ambi, a, na kila kipande kina kazi yake. Mtoto aliyesoma maneno thelathini ya namna hiyo kwa dakika amefanya kazi kubwa kuliko takwimu inavyosema. Na hapo pia kuna somo ambalo hatulifundishi. Ugumu wa Kiswahili kwa msomaji mchanga hauko kwenye tahajia, uko kwenye urefu. Mtoto anayejua kwamba -li- ni wakati uliopita na -ta- ni ujao, anayeona kiambishi kama kiambishi badala ya msururu wa herufi, huruka kwa hatua ndefu. Viambishi tunavifundisha miaka kadhaa baadaye kama sarufi ya mtihani. Viletwe chini, bila istilahi nzito, viwe ngazi ya kupandia neno refu.

Mtoto wa nyuma anaweza kuwa anahitaji mazoezi tu, kurudia kifungu kilekile mara tatu au nne hadi kilainike. Inawezekana pia ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma usiotokana na upungufu wa akili. Nimesema inawezekana, kwa sababu sina ujuzi wa kuamua, wala hamjanipa wa kumuuliza. Lakini naomba mlijue hili: mwaka 1993 Heinz Wimmer, aliyechunguza watoto wanaosoma Kijerumani, ambacho nacho maandishi yake hufuata sauti vizuri, alionyesha kwamba watoto wenye disleksia katika lugha kama hiyo husoma kwa usahihi wa kutosha, na tatizo lao huonekana kwenye mwendo. Wanasoma polepole mno. Kwa maelezo ya disleksia yaliyoandikwa kwa Kiingereza, yanayotutaka tutafute makosa mengi, watoto hao hawaonekani kabisa. Wanaitwa wavivu.

Msamiati nitaupita haraka, si kwa sababu ni mdogo, bali kwa sababu neno hili angalau tunaelewana. Niseme tu kwamba orodha ya "maneno mapya" mwishoni mwa somo, kila neno na kisawe chake, haimpi mtoto neno. Neno huingia kwa kusikiwa na kutumika mara nyingi katika mazungumzo yenye maana, na zaidi ya yote kwa mwalimu kuwasomea watoto vitabu vilivyo juu ya uwezo wao wa kusimbua. Jambo hilo wakaguzi wakiliona huandika kwamba mwalimu "anapoteza muda wa kipindi". Naomba liandikwe kwenye ratiba, dakika kumi na tano kila siku, ili lisihitaji kutetewa.

Nimefika kwenye "ufahamu", neno ambalo lisipotengenezwa mengine yote hayatatufaa kitu. Tunalitumia kwa "ufahamu wa fonimu", maana yake kutambua sauti. Tunalitumia kwa kuelewa maandishi. Tunalitumia hata kwa kile kifungu chenyewe: "toeni madaftari ya ufahamu". Vitu vitatu visivyohusiana, neno moja. Nimekaa kwenye mafunzo kazini ambako mwezeshaji alizungumza saa nzima juu ya ufahamu, akimaanisha sauti, na nusu ya ukumbi tukaandika maelezo juu ya kuelewa hadithi. Pendekezo langu ni jepesi: la sauti liitwe utambuzi wa sauti, kifungu kiitwe kifungu, na ufahamu ubaki kuwa kuelewa, basi.

Kisha tuupime huo ufahamu kweli. Someni sentensi hii niliyoibuni: "Mzubu alipwenza kidwaro chake karibu na lizande." Swali la kwanza: mzubu alipwenza nini? Kidwaro chake. Swali la pili: alikipwenzea wapi? Karibu na lizande. Mmepata alama zote, wala hamjui mzubu ni nani. Sarufi ya Kiswahili imewabeba. Ngeli na nyakati zinatosha kuokota jibu ndani ya sentensi. Maswali mengi tunayoyaita ya ufahamu ni ya namna hiyo, na mtoto wangu wa nne huyapata yote. Ndiyo maana nilimwekea vema.

Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer waliweka jambo hili kwa hesabu ambayo ningependa ibandikwe katika kila ofisi ya elimu: ufahamu wa kusoma ni kusimbua mara kuelewa lugha inaposemwa. Ni kuzidisha, wala si kujumlisha. Moja likiwa sifuri, jawabu ni sifuri, hata lingine liwe kubwa namna gani. Juu ya lugha kuna pia kuijua mada yenyewe. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikielewa na kukikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Tunapopunguza vipindi vya maarifa ya dunia ili tupate muda zaidi wa kusoma, tunachimba shimo kulifukia lingine.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonipeleka nyumbani kwa mtoto wa nne. Nilikaa na mama yake kama saa moja, na kwa muda wote huo mtoto na mama hawakusemezana neno la Kiswahili. Lugha yao ni nyingine. Alikuwa amejifunza kusimbua lugha asiyoisema, na kwa kuwa Kiswahili kinasimbulika kirahisi, hakuna aliyeshtuka. Uzuri ule wa maandishi yetu niliousifu hapo juu ndio uliomficha. Mtoto huyo hahitaji mazoezi zaidi ya kusoma. Anahitaji kuzungumzishwa, kusimuliwa, kuulizwa na kusubiriwa ajibu, na ikiwezekana aanze kusoma kwa lugha anayoiota. Kwa mwaka mzima nilimpa sifa badala ya msaada.

Benki ya Dunia mwaka 2019 iliita hali ya mtoto wa miaka kumi kutoweza kusoma na kuelewa kifungu chepesi "umaskini wa kujifunza", na ikakadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni asilimia 53 ya watoto. Takwimu hiyo hunukuliwa kwenye mikutano mingi. Mimi nikiisikia hujiuliza swali la mwalimu: kati ya hao, wangapi wako mstari wa mbele, wangapi dirishani, wangapi nyuma, na wangapi ni kama wa nne? Asilimia haisemi, nasi tusipokuwa na maneno ya kuwatenganisha hatutasema pia.

Kwa hiyo nawaomba muwaite walimu wa madarasa ya awali, wanaisimu na wakufunzi wakae meza moja watoe istilahi za kufundishia kusoma kwa Kiswahili, kurasa chache tu, kila neno na maana yake moja na mfano wake wa darasani, zitumike zilezile katika mtaala, mwongozo, mafunzo na ukaguzi. Msitutumie orodha iliyotafsiriwa. Wapeni wanachuo wa ualimu muda wa kuisikia "mbuni" kwa masikio yao kabla hawajasimama mbele ya watoto. Na ile fomu iwe na nafasi ya sauti, kusimbua, ufasaha, lugha na ufahamu.

Fomu ya muhula huu iko mezani kwangu na inatakiwa Ijumaa. Safu bado ni mbili. Nitaweka vema zangu kama nilivyoagizwa, kisha pembeni ya kila jina nitaandika kwa mkono mahali mtoto alipokwama. Atakayeipokea huko ofisini, namwomba asiyaache maandishi hayo nje anapoingiza fomu kwenye kompyuta.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa darasa la kwanza